Bei ya "Sisi": Usimulizi wa Wingi na Kuanza Upya kwa Wanawake Wahamiaji wa Kijapani katika Kazi Tatu za Fasihi ya Marekani

Utangulizi

Baina ya mwaka 1908 na mwaka 1920 maelfu ya wanawake wa Kijapani walivuka Bahari ya Pasifiki kwenda kuishi na waume ambao walikuwa wamewaona katika picha tu. Asili ya jambo hili ni mapatano ya mwaka 1907 na 1908 baina ya serikali ya Japani na ya Marekani. Japani ilikubali kuacha kuwapa vibarua pasipoti za kwenda Marekani, lakini wake na watoto wa wanaume waliokwisha kufika huko waliendelea kuruhusiwa. Kwa hiyo kibarua aliyekuwa akichuma matunda California aliweza kupeleka picha yake kijijini kwao, wazee wa pande mbili wakapatana, na jina la binti likaingizwa katika daftari la ukoo wa mume, liitwalo koseki. Tangu siku hiyo binti alikuwa mke kisheria, hata kama bahari nzima ilikuwa kati yake na mumewe. Wajapani waliziita ndoa hizo shashin kekkon, yaani ndoa za picha. Katika makala haya wanawake hao wanaitwa mabibi arusi wa picha.

Hao hawakuwa wanawake pekee wa Kijapani waliohama katika kipindi hicho. Wengine, wengi wao kutoka Amakusa na Shimabara, walipelekwa katika madanguro ya bandari za Asia ya Kusini Mashariki, na wachache walifika hata Zanzibar. Wanajulikana kama karayuki-san, na Yamazaki Tomoko aliandika habari za mmoja wao katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu danguro la Sandakan. Habari zao zinahitaji utafiti wake wenyewe. Zinatajwa hapa ili msomaji asidhani kwamba njia ya ndoa ndiyo iliyokuwa njia moja tu, na ili akumbuke kwamba mwanamke aliyevuka bahari kwa jina la mke alikuwa na hifadhi ya kisheria ambayo mwenzake wa Sandakan hakuwa nayo.

Makala haya yanahakiki kazi tatu: riwaya ya Julie Otsuka, The Buddha in the Attic (2011); hadithi fupi ya Hisaye Yamamoto, "Seventeen Syllables", iliyotoka mwaka 1949 katika jarida la Partisan Review; na kwa ufupi hadithi ya Wakako Yamauchi, "And the Soul Shall Dance", iliyochapishwa mwaka 1974 katika mkusanyiko wa Aiiieeeee!. Waandishi wote watatu ni wazaliwa wa California wenye asili ya Kijapani. Yamamoto na Yamauchi, waliozaliwa miaka ya 1920, walilelewa na mama waliovuka bahari. Otsuka, aliyezaliwa mwaka 1962, ameijua historia hiyo kwa kusoma zaidi kuliko kwa kuishi, na mwishoni mwa kitabu chake anawashukuru watafiti na vyanzo vingi alivyovitumia.

Riwaya ya Otsuka ilipata tuzo ya PEN/Faulkner mwaka 2012, na sifa iliyorudiwa sana juu yake ni kwamba imewapa sauti wanawake waliosahauliwa, kwa kuwa inasimuliwa na "sisi" kuanzia ukurasa wa kwanza. Hoja ya makala haya ni kwamba sifa hiyo haitoshi, na kwa sehemu inapotosha. Sauti ya wingi ina uwezo mkubwa wa kueleza yale ambayo wanawake hawa walitendewa. Inapofika kwenye yale ambayo kila mmoja wao aliyataka, inapungukiwa. Otsuka mwenyewe anaijua bei hiyo, na muundo wa riwaya yake unaionyesha.

Jambo hili linatuhusu sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kwa sababu ya mazoea yetu. Uhakiki wetu wa miaka ya 1970 na 1980, ulioegemea sana mtazamo wa Kimaksi, ulituzoeza kumsoma mhusika kama mwakilishi wa tabaka au jinsia yake. Mazoea hayo yalikuwa na matunda yake, nami sina nia ya kuyabeza. Lakini msomaji aliyelelewa katika mazoea hayo ataipokea riwaya ya Otsuka kwa urahisi mno. Ataona kundi linasema, ataridhika, na hatauliza ni nani hakusikika ndani ya kundi.

Mahali kinapokaa kiambishi

Riwaya ina sura nane. Ya kwanza iko melini, ya mwisho iko katika mji uliobaki bila Wajapani. Susan Lanser, katika utafiti wake wa mwaka 1992 kuhusu waandishi wanawake na sauti ya msimulizi, anaitenga sauti ya kijumuiya katika aina tatu: mtu mmoja anayesema kwa niaba ya kundi, kundi linalosema kwa pamoja, na wanakundi wanaosema kwa zamu. Riwaya hii ni ya aina ya pili. Hata hivyo ndani ya aya zake mna sentensi fupi zilizochapwa kwa hati za mlalo, na hizo ni maneno ya mwanamke mmoja mmoja. Wasemaji wao hawatajwi. Ni kama mtu anayepaza sauti kutoka katikati ya umati, kisha umati ukamfunika kabla hujageuka kumtazama.

Katika kujaribu kuzitafsiri aya kadhaa za riwaya hii kwa ajili ya tasnifu ambayo makala haya ni sehemu yake, nililazimika kuamua mara kwa mara jambo ambalo Kiingereza kinamruhusu mwandishi kuliacha bila kuamua. Kwa Kiingereza, kitenzi cha wakati uliopita kwa kawaida hakibadiliki kwa nafsi. Mwandishi akisema kwamba baadhi yao walitoka milimani na wengine pwani, kitenzi ni kile kile, awe yumo au hayumo. Kwa Kiswahili kila kitenzi kinadai kiambishi. Je, ni "baadhi yetu tulitoka milimani" au "baadhi yetu walitoka milimani"? Zote mbili husemwa. Ya kwanza inambakiza msimulizi ndani ya wale wa milimani. Ya pili inamtoa, inamweka kando akiwatazama wenzake. Na pale riwaya inaposema habari ya mmoja tu miongoni mwao, hakuna hiari tena: "mmoja wetu alikuwa", kwa a-, wala hakuna Mswahili atakayesema "mmoja wetu tulikuwa". Sarufi yetu inamfukuza mwanamke mmoja kutoka katika "sisi" mara tu anapotengwa na wenzake.

Sitaki kuipa sarufi uzito kupita kiasi. Lakini zoezi hili la tafsiri linafichua utaratibu uliomo katika riwaya yenyewe. Kadiri jambo linavyokuwa la watu wengi, ndivyo sauti inavyokuwa imara. Kadiri linavyokuwa la mtu mmoja, ndivyo sauti inavyolisema kwa haraka na kulipita. Binti aliyependa mwingine kabla ya kupanda meli anapata sentensi moja au mbili. Mama aliyemwacha mtoto Japani anapata chache zaidi. Kisha orodha inaendelea. Wapo wasomaji wanaouona mwendo huo kuwa ni wa kishairi, na kweli una mdundo. Nauona pia kuwa ni mwendo wa karani anayeandikisha watu foleni.

Sura ya pili inahusu usiku wa kwanza baada ya kushuka San Francisco. Wanawake wamekwisha kugundua kwamba picha walizotumiwa ni za miaka ishirini iliyopita na kwamba barua ziliandikwa na watu waliofanya kazi ya kuandika barua. Sura nzima imejengwa juu ya kitenzi kimoja, kitenzi cha kutwaa, kinachorudi karibu katika kila sentensi huku mahali, namna na hali vikibadilika. Watendaji ni waume. "Sisi" imekuwa mtendwa. Kwa Kiswahili kiambishi tu- kinahama kutoka mwanzo wa kitenzi na kuingia katikati, kati ya kiambishi cha wakati na mzizi: walitutwaa. Kimebanwa pande zote mbili. Sijui namna nyingine ya kuieleza sura hiyo kwa msomaji wa Kiswahili iliyo ya kweli zaidi kuliko kumwonyesha kiambishi hicho mahali kilipo.

Lugha yetu ina hazina nyingine hapa. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanafunzi wa shule anafundishwa kwamba hiyo ni kauli ya kutendwa na kwamba "Asha ameoa" ni kosa la lugha. Wahakiki wa kifeministi wameilaumu kauli hiyo, na lawama yao ina msingi. Lakini kwa habari za mabibi arusi wa picha, kauli hiyo ni sahihi kuliko kitenzi cha Kiingereza ambacho hakimbagui aoaye na aolewaye. Binti wa Hiroshima au Kumamoto ambaye jina lake liliandikwa katika koseki ya ukoo asioujua aliolewa kwa maana kamili ya neno. Kuoana, kwa kauli ya kutendana, kulikuja miaka mingi baadaye kama kulikuja, na riwaya inaligusa hilo katika mistari michache ya kazi za shamba, ambamo mume na mke wanainama safu moja.

Sura ya kuzaa inamrudisha mwanamke kwenye nafasi ya mtenda. Kila sentensi inaanza na kitendo cha kuzaa, na mahali pa kuzalia panafuatana: chini ya mti, kandokando ya shamba, katika vibanda, pengine na mkunga, pengine peke yake. Wahakiki wanaoitazama sura hii kama utenzi wa kusifu ustahimilivu wa wanawake wana haki. Lakini tuulize: katika riwaya inayosemekana kuwa ni ya kuanza upya, ni kitu gani hasa kinachoanza? Mashamba si yao. Sheria ya ardhi ya California ya mwaka 1913, iliyokazwa mwaka 1920, iliwazuia wageni wasioweza kupata uraia kumiliki ardhi ya kilimo, na Wajapani walikuwa miongoni mwa wageni hao. Uraia wenyewe Mahakama Kuu ya Marekani iliwanyima waziwazi mwaka 1922 katika kesi ya Ozawa, wakausubiri hadi sheria ya mwaka 1952. Lugha wanajifunza maneno ya kazini tu. Kinachoanza ni watoto, na katika sura inayofuata watoto hao wanajitwalia majina ya Kiingereza, wanasahau Kijapani, na wanawaonea haya mama zao. Neno "upya" katika "kuanza upya" linawahusu watoto. Mama wameanza moja, kama tusemavyo, na wamebaki kwenye moja.

Miezi mitatu ya Ume Hanazono

Hadithi ya Yamamoto ina kurasa chache mno, na ndani yake mna mwanamke mmoja. Anaitwa Tome Hayashi. Yeye na mumewe wanalima nyanya. Binti yao Rosie ndiye ambaye hadithi inaonekana kupitia macho yake, ingawa haisimulii yeye. Tome anaanza kutunga haiku na kuzipeleka katika gazeti la Kijapani la San Francisco, akitumia jina la kalamu, Ume Hanazono. Msimulizi anatwambia kwamba Ume Hanazono aliishi muda mfupi sana, labda miezi mitatu, na kwamba kwa muda huo nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili: mmoja aliyepika, akafua, na kuchuma nyanya shambani, na mwingine aliyekaa mezani usiku akiandika.

Ninapendekeza kwamba hapa ndipo penye kuanza upya kwa kweli katika kazi zote tatu. Tome alikwisha kuvuka bahari, alikwisha kuolewa, alikwisha kuzaa. Hakuna hata moja kati ya hayo aliloliita mwanzo. Mwanzo ni jina alilojipa mwenyewe. Hakupewa na mwajiri mweupe, kama wanawake wa Otsuka wanaogeuziwa majina majikoni mwa mabibi zao, wala halikuandikwa katika koseki. Na jina hilo halimsaidii mtu yeyote. Haliongezi nyanya wala halisomeshi mtoto. "Sisi" ya Otsuka haina nafasi kwa jambo la namna hii, kwa sababu "sisi" inakusanya yale yanayofanana.

Mume wake anaudhika taratibu. Wageni wakija, Tome hukaa na mgeni anayezijua haiku, na mume hubaki na wasiozijua. Katika ziara kwa akina Hayano yeye anakaa na mke wa mwenyeji, mwanamke aliyekuwa mzuri zamani na ambaye uzazi umemharibu mwili. Ghafla anasimama na kusema waondoke. Kisha yanakuja mavuno. Joto ni kali, nyanya zinaiva kwa pamoja, na siku hiyo hiyo anafika Bwana Kuroda, mhariri wa haiku wa gazeti, akileta zawadi ya ushindi: picha ya Hiroshige. Tome anamkaribisha chai na wanaongea. Mume anamtuma Rosie amwite mama yake, mama anakawia, mume anaingia ndani mwenyewe. Mgeni anaondoka. Mume anatoka na picha, anaivunja kwa shoka, anaimwagia mafuta ya taa na kuiwasha.

Wasomaji wengi humhukumu mtu huyu upesi. Yamamoto hana haraka hiyo. Anazitaja nyanya mara nyingi, na msomaji aliyewahi kulima zao lisilongoja atajua kwamba hasira yake ina sababu ya kiuchumi. Lakini hakuchoma karatasi za haiku, wala hakupiga mtu. Alichoma kitu kilichomthibitishia mkewe kwamba Ume Hanazono alikuwapo na kwamba watu wengine walimwona. Ukatili wa tendo hilo umo katika usahihi wa shabaha yake.

Baada ya moto ndipo Tome anapomweleza Rosie jinsi alivyofika Marekani. Alipokuwa msichana Japani alimpenda kijana wa ukoo wa kitajiri ambaye hakuweza kumuoa. Alishika mimba, mtoto wa kiume akazaliwa kabla ya wakati, mfu. Familia ikamwonea aibu. Akamwandikia ndugu yake wa kike aliyekuwa Marekani kwamba asipomwita atajiua, na ndugu huyo akamtafutia mume, kijana aliyekuwa tayari kuoa, ambaye hakuwahi kuambiwa sababu ya haraka ile. Habari hiyo, ukiikata na kuiweka melini katika sura ya kwanza ya Otsuka, ingekuwa sentensi moja miongoni mwa mia. Hapa inachukua hadithi nzima kuifikia. Na msomaji anapoifikia anarudi nyuma na kuisoma upya kila nyanya, kila chakula, kila usiku wa kuandika.

Kisha Tome anapiga magoti na kumtaka binti aahidi kwamba hataolewa kamwe. Rosie anajibu kwa kukubali, na hapo msomaji makini anakumbuka ukurasa wa kwanza, ambamo Rosie aliisikiliza haiku ya mama yake akakubali kwamba ameielewa, ilhali Kijapani chake hakikutosha kuielewa. Neno la kukubali mwanzoni lilikuwa ni la kuepuka. La mwisho nalo ni hivyo hivyo, maana Rosie jioni ya jana tu amebusiwa kwa mara ya kwanza na Jesus Carrasco, kijana wa familia ya Kimeksiko inayofanya kazi shambani kwao. Mama anaomba katika lugha moja, binti anajibu kwa moyo ulio katika lugha nyingine. Katika mapokeo yetu wasia wa mama kwa binti tumeuzoea kupitia Mwana Kupona, ambapo mama anamfunza bintiye namna ya kuishi na mume. Tome anauomba wasia ulio kinyume, na hana hata hakika kwamba umesikika.

Kwa hiyo Yamamoto hampi Tome sauti pia, kama tunaichukua "sauti" kwa maana ya nafsi ya kwanza inayosema. Haiku zake hazimo katika hadithi isipokuwa kwa kudokezwa, na tunamwona kupitia mtu asiyemwelewa vizuri. Hata hivyo ninamfahamu Tome kuliko ninavyomfahamu yeyote katika umati wa Otsuka. Kinachomfanya afahamike ni kwamba anataka kitu mahususi na tunaona kinavyonyang'anywa.

Aliyekataa kuanza

Juu ya Yamauchi nitasema machache, kwa sababu hadithi yake inatumika hapa kama kipimo tu. Emiko Oka, jirani wa msimulizi mtoto katika jangwa la Imperial Valley, aliletwa kuchukua nafasi ya ndugu yake aliyefariki, yaani aolewe na shemeji yake. Hakubali. Anakunywa sake, anavuta sigara, hafanyi urafiki na majirani, na siku moja mtoto anamwona peke yake nyikani akicheza na kuimba katika vazi la Kijapani. Akina mama wengine wa hadithi hiyo wanafanya yale ambayo "sisi" ya Otsuka ingeyafanya: wanalima, wanapika, wanavumilia. Emiko si shujaa wala hadithi haimsifu. Umuhimu wake ni kwamba historia za uhamiaji humhesabu mhamiaji kuwa ni mtu anayejenga maisha mapya, na yule asiyetaka maisha hayo hana safu katika daftari. Sauti ya wingi ingemtaja kama kichaa wa jirani na kuendelea.

Majina siku ya kuondoka

Kama riwaya ya Otsuka ingeishia katika sura ya watoto, uhakiki huu ungekuwa mkali zaidi. Sura tatu za mwisho zinabadilisha mambo. Baada ya shambulio la Pearl Harbor wanaume wanaanza kukamatwa, na uvumi unatawala. Amri ya Rais Namba 9066, iliyotiwa saini tarehe 19 Februari 1942, ilitoa idhini ya kuwahamisha watu wenye asili ya Kijapani kutoka pwani ya magharibi, na watu wapatao 120,000 waliishia katika kambi za kizuizini, wengi wao wakiwa raia wa kuzaliwa. Yamamoto mwenyewe alifungwa Poston, Arizona. Otsuka alikwisha kuandika juu ya kambi katika riwaya yake ya kwanza ya mwaka 2002, na hapa haingii ndani yake. Anaishia mlangoni.

Katika sura ya siku ya mwisho jambo jipya linatokea. Katika sura za mwanzo majina ya wanawake hawa ni nadra. Sasa yanamiminika. Kila anayeondoka anatajwa pamoja na kitu kimoja alichokifanya, alichokivaa au alichokiacha. Haruko anaacha sanamu ndogo ya shaba ya Buddha anayecheka, juu darini, na hapo ndipo jina la kitabu lilipotoka. Tumesoma zaidi ya nusu ya kitabu tukiwa na "sisi" isiyo na sura, na tunapewa nyuso wakati migongo imegeuka.

Wapo watakaoliona hilo kama heshima ya mwisho. Nakubali, lakini naona pia jambo chungu zaidi. Serikali iliyowahamisha ilikuwa nayo imewaandikisha jina kwa jina, na kuipa kila familia namba. Majina yanatoka wakati orodha ya kuwaondoa inapohitajika. Otsuka anatumia chombo kile kile cha karani, orodha, na kukijaza vitu ambavyo karani asingeviandika. Kwangu mimi hapo ndipo riwaya inapoilipa bei ya sauti yake. Haruko hatuambiwi zaidi ya sanamu ile, lakini tendo lake lina kitu cha Tome ndani yake: ni lake, halina faida, na halikuombwa na mtu.

Kisha inakuja sura ya nane, na bado msimulizi ni "sisi". Msomaji anaingia akidhani ni wanawake wale wale. Mara anagundua kwamba Wajapani wamekuwa "wao", na "sisi" ni watu weupe wa mji, majirani waliobaki. Majirani hao wanashangaa kwanza, wanaona haya kidogo, wanauliza, wanasikia uvumi, wanapata wapangaji wapya katika nyumba zilizofungwa, kisha wanaanza kusahau. Yale yale tuliyoyasifu katika sauti ya wingi, yaani mdundo, upole, uwezo wa kubeba watu wengi kwa mara moja, sasa yanatumika kuwapumzisha watu wasiotaka kuulizwa walifanya nini. Hakuna jirani mmoja anayewajibika. "Sisi" imewahifadhi.

Mhakiki anayesema kwamba riwaya hii inashangilia sauti ya kijumuiya anapaswa kueleza kwa nini mwandishi ameikabidhi sauti hiyo kwa waliobaki na nyumba. Maelezo yangu ni kwamba Otsuka alitaka tuione nafsi ya kwanza wingi kama chombo kisicho na mwenyewe wa kudumu. Anayebaki mahali pale ndiye anayekishika.

Kwa mfasiri wa Kiswahili sura hii ina mtego, nao ni wa kuheshimiwa. Kiswahili, kama Kiingereza, hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomtenga, na tu- ya majirani itakuwa ni ile ile ya tulizaa na ile ile iliyobanwa katikati ya walitutwaa. Kishawishi cha kumsaidia msomaji ni kikubwa: kuongeza "sisi Wazungu", au "sisi tuliobaki", katika sentensi ya kwanza ya sura. Katika rasimu ya tafsiri iliyoambatishwa na tasnifu hii nyongeza hiyo haikuwekwa. Msomaji anaachwa agundue mwenyewe "sisi" hiyo ni ya nani.